Wa Kwanza Kunyanyuka

Bi Najat alipofariki, mimi nilisema bendi ifungwe. Sikuzunguka. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la mashabiki, saa mbili asubuhi, kabla sijafungua duka: "Lulu ya Mtoni ilikuwa Najat. Najat hayupo. Twaha auze vyombo, tumsomee marehemu dua, kila mtu arudi kwake."

Walinijia juu. Mmoja akaandika, "Mwanaasha, mwenye nyumba wako akifa na wewe utafunga duka?" Mwingine akasema wapiga vyombo wana watoto, watakula dua? Mama mmoja wa Kipawa alitaka bendi iendelee, ila wimbo wowote wa Bi Najat usiimbwe mwaka mzima. Mwingine akajibu kwamba nyimbo zote ni za Bi Najat, kwa hiyo huo mwaka mzima tutakuja kusikiliza nini, jenereta? Ilikuwa hivyo siku nne. Siku ya tano Twaha mwenyewe akaandika: "Nimewasikia. Tunarudi Jumapili ya kwanza baada ya arobaini. Njooni, msije, ni nyie."

Twaha ni mpiga kinanda. Yeye na Bi Najat ndio walioanzisha Lulu ya Mtoni Modern Taarab miaka kumi na tisa iliyopita, uani kwa mama yake Twaha, kwa kinanda cha kuazima. Kama yupo mtu mwenye haki ya kuamua, ni yeye. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba hoja za wenzangu zilikuwa na maana na yangu haikuwa nayo, kwa sababu mimi sikuwa naililia bendi. Nilikuwa naulilia wimbo wangu.

Nieleze, maana bila hili hamtanielewa.

Nina diploma ya famasia na duka la dawa Kiwalani. Mwaka 2012 mume wangu, Abdulrahman, aliniambia ana harusi ya rafiki yake Mbagala. Nikampigia kanzu pasi. Nikamfutia viatu. Nikamkumbusha kofia, maana alikuwa mtu wa kusahau kofia. Na kweli alikwenda harusini. Bwana harusi alikuwa yeye. Bibi harusi anaitwa Somoe, anauza vitenge Rangi Tatu.

Nilidai talaka yangu, nikapewa, nikaendelea na kazi. Bi Najat alikuwa anakuja dukani kuchukua dawa za sukari. Asubuhi moja akanikuta macho yamevimba. Nikamweleza yote huku napanga dawa zake kwenye bahasha. Nilipofika kwenye kofia, alicheka mpaka akatafuta kiti. Nilimkasirikia. Wiki tatu baadaye akanipigia simu: "Jumapili saa kumi, ukumbini Temeke. Vaa gauni lenye adabu, kuna kitu chako."

Kitu chenyewe kilikuwa hiki:

*Kwenda mie sikatazi, viatu nakufutia,*
*Kofia usisahau, kanzu nimekunyoshea,*
*Aliyekupoka leo, kesho naye atalia.*

Kwenye taarabu wimbo ukikuchoma, unanyanyuka, unakwenda mbele unacheza taratibu, noti mkononi, unamtunza mwimbaji. Ukumbi wote unajua yamekufika. Yeyote anaweza kunyanyuka wakati wowote. Lakini wimbo huu Bi Najat aliuwekea sheria yake. Twaha akimaliza kuupigia utangulizi, kinanda kinanyamaza. Bi Najat anaangaza macho ukumbini anauliza, "Mwenyewe yupo?" Nasimama. Ubeti wa kwanza ni wangu peke yangu. Ukiisha, ndipo wanakuja wengine, na walikuja wengi. Ilikuwa hivyo miaka kumi na miwili. Kuna wanawake Temeke hawajui jina langu mpaka leo, wananiita Mama Kofia, na sijawahi kukasirika.

Sasa mwenye kuuliza yuko kaburini. Nani ataniuliza?

Ilibaki wiki moja arobaini ifike, binti yangu Rukaiya akaingia jikoni na simu. Ana miaka ishirini, yuko chuo, na hana woga.

"Mama, sikiliza hii."

"Nini?"

"Mazoezi ya Lulu. Wamerusha. Huyu ndiye mpya, anaitwa Blessing."

"Sitaki."

"Dakika moja tu, bwana."

Habari za Blessing nilikuwa nazo. Kundi lilishamchambua hadi mifupa. Kazaliwa Mbagala, mama yake wa Bukoba, kaimba kwaya tangu yuko darasa la nne. Watu walisema atatuletea pambio. Mimi hilo halikunisumbua, koo ni koo. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa anaimba wimbo wangu, na pale kwenye viatu alipunguza mwendo. Bi Najat alikuwaga anapapita haraka, kwa kejeli, watu wacheke. Huyu alipapita polepole, na mimi nikaviona viatu. Vyeusi, soli imeliwa upande wa kushoto. Miaka kumi na miwili wimbo umeimbwa, sijawahi kuviona.

"Anaimba kuliko..." Rukaiya akaanza, akanyamaza.

"Malizia."

"Basi, mama."

"Nimesema malizia."

"Kuliko Bi Najat. Hapo tu. Hapo kwenye viatu."

"Toka jikoni kwangu."

Alitoka anacheka. Mimi nikaunguza vitunguu.

Kesho yake nikafunga duka saa tisa na kwenda Mtoni, kwa Twaha. Yeye sikumkuta, alikuwa kapeleka spika kwa fundi. Uani alikuwepo Blessing peke yake, kakaa juu ya boksi la spika, daftari mapajani. Msichana mwembamba, nywele kazikata, amevaa kandambili. Nilitegemea mtu wa kujishaua, nimchukie vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Blessing?"

"Ndiye mie."

"Ule wimbo wa kofia, kakupa nani?"

"Mzee Twaha kaniwekea kwenye flashi na nyingine zote. Najifunza kwa kusikiliza." Akafungua daftari. "Wewe ni wa karibu na bendi, mama? Nilitaka mtu wa kuniambia. Pale anapofuta viatu, anafuta kwa mapenzi au kwa hasira? Marehemu kwenye flashi kaimba kama utani, mie nashindwa kuucheka."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Hata Bi Najat hakuuliza, yeye alicheka akaenda kutunga. Na jibu nilikuwa nalo: nilifuta kwa mapenzi, ndiyo maana ikaniuma. Lilikuwa hapa mdomoni. Nilitakiwa pia nimwambie kuhusu kinanda kunyamaza, kuhusu swali, kuhusu mimi. Kwenye flashi hayo hayamo. Flashi ina wimbo wa studio, ukianza umeanza.

Nikamtazama. Ana umri wa binti yangu, anaandika kwa kalamu ya bluu, kila mstari kaupigia alama ya kuvutia pumzi. Kwa wiki tatu alikuwa kaufikia wimbo wangu mahali ambapo mimi sijafika. Wivu ulinipanda mpaka masikioni.

"Muulize aliyekuachia," nikamwambia.

"Si alishafariki, mama?"

"Basi imba ulivyosikia."

Nikaondoka. Jioni Twaha akanipigia simu. "Dada Mwanaasha, nasikia ulikuja kumfunda binti. Mungu akubariki, maana mie hizo habari zenu za nani anyanyuke lini siziwezi kuzieleza." Ningeweza kumwambia ukweli. Nilisema, "Haya, tutaonana Jumapili." Nilitaka binti aanze wimbo bila kuuliza, ukumbi wa watu waliozoea umshangae, achanganyikiwe, na mimi niwe nimekaa zangu, nimekunja mikono. Watu waseme: waliokufa wamekufa na vyao. Huo ndio ulikuwa mpango, na siupambi.

Jumapili ukumbi ulijaa kabla ya saa kumi. Sare yetu ilikuwa kijani, rangi ya marehemu. Twaha alisema maneno machache, dua ikasomwa, wengi wakalia, na mimi nililia kweli, kwa sababu Bi Najat alikuwa mtu wangu. Kisha Blessing akapanda. Kavaa gauni la kawaida, hakuvaa dhahabu wala kujaribu kusimama alivyosimamaga marehemu. Nyimbo mbili za kwanza watu walimpigia makofi ya heshima. Mama wa Kipawa, aliyekaa pembeni yangu, akaninong'oneza, "Mtoto ana adabu."

"Adabu haiimbi," nikamjibu.

Wimbo wa tatu ukawa wangu. Twaha akapiga utangulizi, akafika pale pake, akanyamazisha kinanda, akanitazama mimi. Ukumbi wote ukanitazama mimi. Nikakunja mikono.

Blessing akageuka nyuma akamtazama Twaha. Nilimwona usoni, na nikajua anachofikiria: umeme umekatika upande wa kinanda. Mtu wa kwaya hilo halimtishi, kwaya zinaimba bila umeme kila siku. Akasogeza maiki, akavuta pumzi kwenye alama yake ya bluu, akaanza peke yake, bila chombo chochote.

*Kwenda mie sikatazi...*

Sijui niwaambieje. Ukumbi ule una mapanga boi yanayopiga kelele, nje kuna bodaboda, ndani kuna wanawake mia mbili wenye maneno. Vyote sikuvisikia. Twaha aliacha mikono hewani, hakugusa kinanda. Binti alipofika kwenye viatu, mama wa Kipawa akashika mkono wangu akasema, "Ya Rabi, Mwanaasha, kumbe ulikuwa unampenda yule mwanaume." Miaka kumi na miwili alikuwa anacheka na wenzake. Nikautoa mkono wangu.

Wanawake wakaanza kunyanyuka. Ubeti wa kwanza! Mmoja, watatu, sita. Hawakuniangalia hata kuomba ruhusa. Walikwenda mbele wanajifuta macho, noti zinamwangukia Blessing miguuni na yeye hata hazitazami. Nimekaa. Nilikuja kumwona anaanguka, nikawa ndiye pekee niliyebaki kwenye kiti safu ile nzima.

Akafika mstari wa mwisho. *Aliyekupoka leo...* Nikasikia kiti kikiburutwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikageuka.

Somoe.

Sikuwahi kumwona kwenye taarabu yetu. Angekujaje, kuja kutukanwa? Bi Najat angemshusha hadhi kwenye maiki. Ila Bi Najat hayupo, na mlango wa ukumbi ni wa kila mwenye kiingilio. Alikuwa kapungua, kavaa kitenge kizuri, kitenge chake cha biashara. Mwaka jana nilisikia kwamba Abdulrahman kaoa tena, Kipawa, na kwa Somoe haonekani hata sikukuu. Siku niliyosikia nilipika pilau. Ilikuwa Jumatano, na sababu nyingine ya pilau sikuwa nayo.

Anakuja katikati ya viti, noti mkononi, anacheza taratibu na kulia. Mstari ule alioimbiwa yeye, uliotungwa umchome yeye, anaujia kama wake.

Hapo nikanyanyuka. Nilifika njiani kabla yake nikasimama mbele yake.

"Da Mwanaasha," akasema, "nipishe."

"Nikupishe mara ngapi?"

Ukumbi ulilipuka. Kuna mwanamke alipiga kigelegele, mwingine akapanda juu ya kiti ili aone. Blessing akaacha kuimba. Somoe hakurudi nyuma.

"Wimbo umesema 'kesho naye atalia'," akasema, na hakupaza sauti. "Mie si ndiye huyo? Nimeshalia, da Mwanaasha. Mwaka mzima nalia. Hata mie nilimfutia viatu, safari hii ya Kipawa. Aliniambia anakwenda msibani."

"Msibani?"

"Msibani."

Mtu akacheka, akazibwa mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na si kwa ajili ya Abdulrahman, huyo sina naye kitu. Nilikuwa na hasira kwamba Somoe naye ana viatu vyake. Mume alimchukua, sawa. Lakini viatu vilikuwa vyangu, ndicho kitu nilichotoka nacho kwenye ile ndoa, Bi Najat akanitengenezea wimbo, na sasa na huyu anavyo!

Blessing akashuka jukwaani, akaja mpaka tulipo.

"Mama, kumbe wimbo ni wako?"

"Ni wangu."

"Mbona nilipokuuliza..."

"Nilikunyima."

Akanitazama. Twaha akatoka nyuma ya kinanda, na kuna kitu kimemwelea, maana alikuwa kakunja uso. "Kwa hiyo hukumfunda."

"Sikumfunda."

"Mwanaasha, mie nimezika mwenzangu juzi. Nguvu ya ugomvi sina." Akageukia ukumbi, akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Wimbo una mwenyewe na mwenyewe ni huyu, marehemu alisema hivyo na mie nasema hivyo. Dada, amua sasa hivi. Ukisema hauimbwi, hauimbwi leo na hauimbwi tena. Tutauacha na Najat."

Ndicho nilichokuwa nakitaka tangu saa mbili ile asubuhi ya WhatsApp. Nilipewa mkononi, mbele ya mashahidi. Somoe angerudi Rangi Tatu na noti yake. Blessing angebaki na flashi ya nyimbo nyingine. Na mimi ningekwenda nyumbani na wimbo ambao hakuna atakayeusikia, nikauimbie vitunguu.

Watu wakasubiri. Mama wa Kipawa akaita, "Mama Kofia, usituue bwana!"

"Rudisheni mwanzo," nikasema.

Makelele. Nikanyoosha mkono wanyamaze. "Sijamaliza. Blessing, sikiliza, na usiandike. Twaha akikata kinanda, umeme upo. Unauliza mwenyewe yupo. Unasubiri mpaka nisimame. Ubeti wa kwanza ni wangu, hakunyanyuki mtu."

"Lakini mama, si umeshasimama?"

Walicheka mpaka wapiga ngoma. "Nakwenda kukaa," nikamwambia. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado ananitazama kwa yale macho ya uani, nikamwambia na lile lingine, chini chini. "Kwa mapenzi. Vile viatu. Kwa mapenzi."

Akaitikia kwa kichwa. "Nilihisi," akasema. Hata hapo kaniwahi.

Nilirudi kwenye kiti changu bila haraka. Wale sita wa mbele wakalazimika kurudi kukaa. Somoe hakurudi, alibaki amesimama palepale katikati ya njia, mikono miwili kashika ile noti. Twaha akapiga utangulizi, akakata. Blessing akauliza. Nikarekebisha mtandio. Nikarekebisha na kiatu. Ukumbi ukaanza kuguna. Nikanyanyuka.

Nikampita Somoe bega kwa bega, sikumgusa. Nilicheza ubeti wote, mwendo wangu uleule, na Blessing akaniimbia usoni, na pale kwenye viatu sikuweza kumtazama. Mstari wa mwisho ukaja ukaisha. Ubeti wangu umekwisha, natakiwa nitoke pembeni. Sikutoka. Twaha akazungusha sauti ileile ya kinanda, akisubiri. Niliisikia pumzi ya mtu nyuma ya shingo yangu.

"Mwambie arudie mstari wa mwisho," Somoe akasema. "Huo mmoja tu."

Blessing hakuurudia. Alinitazama mimi.

Nikasogea. Hatua moja, ya kupitisha mkono wenye noti.